Tusilifungie neno ‘gentle’ katika upole peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu wiki iliyopita. Jambo lenyewe linahusu neno moja la Kiingereza ambalo kila mtoto wa shule ya msingi hukutana nalo, yaani ‘gentle’. Nilifundisha Kiingereza katika shule za msingi za mkoa huu wa Mwanza hadi nilipostaafu, na kwa muda mrefu nami niliandika ubaoni kama nilivyoandikiwa na walimu wangu: kushoto ‘gentle’, kulia ‘mpole’, kisha nikaendelea na neno linalofuata. Leo naona kwamba tulikuwa tukiwapa watoto nusu ya neno, na kwamba nusu tuliyoiacha ndiyo wanayoihitaji zaidi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni daftari la mjukuu wangu wa darasa la sita. Alikuja jioni, akakaa nami barazani hapa Nyegezi, akalifungua mahali palipokuwa na zoezi la kutafsiri sentensi kumi. Sentensi ya nne ilisema, “Be gentle with the baby.” Yeye alikuwa ameandika, “Mshike mtoto taratibu.” Mbele ya jibu lake palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na chini yake sahihisho: “Kuwa mpole kwa mtoto.” Akaniuliza, “Bibi, nimekosea wapi?” Badala ya kumjibu, nilimwuliza alikuwa anawaza nini alipoandika vile. Akaniambia alikumbuka siku mama yake alipompa mdogo wake ampakate mara ya kwanza, mtoto akiwa na siku tisa tu, na mama akamwambia, “Mshike taratibu, weka mkono hapa nyuma, shingo haijakaza.”

Mheshimiwa Mhariri, mtoto huyu hakukosea. Aliisoma sentensi ya Kiingereza, akauona mkono unaobeba na shingo isiyokaza, kisha akaandika kile ambacho mama wa Kiswahili husema mahali hapo. Sahihisho la mwalimu lina maneno sahihi, lakini hakuna mama yeyote ninayemfahamu anayemkabidhi mtu kichanga huku akisema, “Kuwa mpole kwa mtoto.” Maneno hayo angeambiwa baba mwenye hasira, ambaye amefoka hadi mtoto akajificha nyuma ya mlango. Kwa hiyo tafsiri iliyopewa vema imeugusa moyo wa anayeshika, ilhali sentensi yenyewe ilikuwa ikizungumzia mikono yake. Simlaumu mwalimu, maana vitabu vingi vya maneno huanza na ‘mpole’, na mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha usiku hushika jibu lililo mbele yake.

Niruhusu nitoe mfano wa mahali pengine kabisa, ambapo ndipo mimi mwenyewe nililielewa neno hili vizuri. Kuna mwalo mmoja usio mbali na kwetu ambako huenda mara kwa mara kununua samaki. Yupo hapo kijana mpana wa mabega, mwenye buti za mpira, ambaye kazi yake ni kupasua sangara, na sauti yake huisikia kabla hujaziona mashua. Hugombana na wenye mizani, na wachuuzi, hata na mbwa wanaonyemelea utumbo. Hakuna mtu pale mwaloni atakayekwambia kuwa kijana yule ni mpole. Lakini siku moja nilisimama karibu yake alipokuwa akimpasua sangara mkubwa, mrefu karibu kama meza yenyewe. Alipitisha kisu tumboni kwa mkupuo mmoja, akakiweka kando, akanyamaza. Kisha aliingiza vidole viwili chini ya utando, akaanza kulibandua bondo, yaani kile kibofu cha hewa cha samaki, kutoka kwenye uti wa mgongo, kidogo kidogo, akiusukuma utando kwa ncha ya kidole gumba na kusimama kila alipohisi unavutika. Kila mtu wa huku anajua kwamba bondo la sangara lina bei kubwa kuliko minofu, na kwamba likichanika bei yake huanguka. Lilitoka zima, jeupe, linateleza, akaliweka juu ya kitambaa kana kwamba linaweza kuamka. Kijana mdogo anayejifunza kazi akajaribu la samaki wa pili, akalivuta kwa pupa, na yule mkubwa akapaza sauti: “Taratibu! Taratibu wewe, utalichana!”

Mwingereza angeona mikono ile angesema bila kusita kwamba ni ‘gentle’, na angesema hivyo hata kama mwenye mikono hiyo ametoka kumtukana mtu dakika moja iliyopita. Hapo ndipo maneno haya mawili yanapoachana. Upole wetu ni tabia ya mtu, hukaa naye akiwa amelala au ameamka. Neno la Kiingereza linaweza kuisema tabia hiyo pia, sikatai, lakini mara nyingi zaidi linapima nguvu: linasema kwamba nguvu ipo, nayo imetumika kwa kadiri ya kile kilichoguswa, isizidi. Ndiyo maana Waingereza hulitumia kwa vitu visivyo na moyo wala tabia. Husema moto ni ‘gentle’, na sisi husema moto mdogo, ule ambao mama huuacha chini ya sufuria ya sato ili mchuzi uive bila samaki kuvurugika. Husema mteremko ni ‘gentle’, na sisi husema hauna ukali, ingawa kwa sisi tunaoishi katika jiji hili la miamba, tunaopanda kwenda Bugando au kushuka kutoka Mabatini kwa magoti yanayouma, mteremko wa namna hiyo ni wa kutafutwa. Husema sabuni ni ‘gentle’, na sisi husema haichubui. Mfundishe mtoto kwamba yote hayo ni ‘mpole’, naye atakuandikia moto mpole, mlima mpole na sabuni pole, na kila mara atakuwa amelitii daftari lake.

Mfano wa upepo unanigusa zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa ziwa. Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alianza kuupanga upepo kwa daraja, kutoka sifuri, ambapo maji ni shwari, hadi 12, ambayo ni tufani. Daraja la 3 linaitwa kwa Kiingereza kwa neno letu hili: ni upepo ‘gentle’. Kasi yake ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Nchi kavu utaona majani na vijitawi vinatikisika muda wote na bendera nyepesi imenyooka, na majini vilele vya mawimbi madogo vinaanza kuvunjika, hapa na pale unaona povu jeupe. Huo si upepo uliolala. Mashua ya tanga inakwenda nao vizuri sana, na mtu aliye katika mtumbwi mdogo uliojaa mizigo anapaswa kuuhesabu. Nimewahi kusoma tafsiri iliyouita “upepo mpole”, na nikajiuliza mvuvi anayesoma maneno hayo angefikiria nini. Kiswahili kina jina lake tayari, tena zuri: ni upepo mwanana. Mababu zetu wa pwani walilitumia kwa upepo unaovuma sawasawa, usiotikisa mlingoti wala kuliacha tanga lining’inie. Shwari ni kitu kingine, na mwanana ni kitu kingine, na mwenye kuzijua tofauti hizo mbili tayari ana daraja mbili za Beaufort kichwani bila kuifahamu ile jedwali.

Nilimwuliza mjukuu wangu maana ya ‘mwanana’. Alifikiri kidogo, akasema huenda ni mtoto wa mtu fulani. Niliumia, Ndugu Mhariri, nasema kweli. Mtoto ana neno la Kiingereza lenye mlango mmoja tu, na neno la lugha yake lililo sawa nalo hajawahi kulisikia.

Siku iliyofuata niliandika barua fupi ya heshima kwa mwalimu wake, nikaiweka ndani ya daftari. Nashukuru kwamba alinijibu, tena kwa adabu, na jibu lake lilikuwa na swali la maana. Aliandika: “Shikamoo mwalimu wangu. Nimekuelewa kuhusu mtoto mchanga. Lakini tukisema ‘gentle’ ni taratibu, ‘gentleman’ tutamfundisha mtoto kuwa ni nani? Mtu taratibu?” Swali hilo linastahili kujibiwa hadharani, kwa kuwa naamini walimu wengi wanalo.

Jibu linaanzia mbali. Neno hili halikuzaliwa Uingereza. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka upande wa Ufaransa, wakaitwaa Uingereza, na kwa vizazi kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wenye mashamba. Katika Kifaransa chao kulikuwa na neno ‘gentil’, na kufikia karne ya 13 lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza. Halikumaanisha upole. Lilimaanisha mtu wa ukoo bora, aliyezaliwa katika nyumba inayojulikana. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini, ambako ‘gens’ ni ukoo, na ‘gentilis’ ni mtu wa ukoo huo. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuitwa ‘gentle’ kwa Kiingereza angeweza kuwa mkali kama chui. Sifa yake ilikuwa ni baba yake. Polepole watu wakaanza kudai kwamba aliyezaliwa vizuri atende vizuri, asiwafokee walio chini yake, asimguse mwanamke kwa ubavu, awe na kiasi katika maneno yake. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, ana hadithi moja ambamo bikizee anamwambia shujaa kijana anayejivunia ukoo wake kwamba ubora haurithiwi pamoja na mali, na kwamba aliye ‘gentil’ ni yule atendaye matendo ya namna hiyo.

Nadhani msomaji wa Kiswahili amekwisha kuona ninakoelekea, kwa sababu sisi husema muungwana ni vitendo. Neno letu ‘muungwana’ lilipita njia ileile bila kuongozwa na mtu. Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa, mwenye kwao. Nalo neno hilo lilitembea kwa miguu hadi huku kwetu. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka pwani kuja bara, na hata katika miaka ile ambayo Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika kwenye ufuko huu wa kusini wa ziwa, yaani mwaka 1858, miongoni mwa wapagazi na askari wa misafara walikuwamo watu waliojiita Waungwana, ingawa baadhi yao bado walikuwa na mabwana huko Unguja. Walilichukua jina la waliozaliwa huru wakalivaa kwa sababu ya walivyoishi: walivaa kanzu, walizungumza Kiswahili, walijua kazi yao na walitaka kutendewa kama watu. Kidogo kidogo maana ya kuzaliwa ikafifia na maana ya mwenendo ikabaki. Leo ukisema dereva fulani ni muungwana, hakuna anayeuliza babu yake alikuwa nani. Unamaanisha kwamba alikurudishia chenji uliyoisahau, au alimsubiri mama mjamzito apande kwanza.

Basi jibu langu kwa mwalimu ni kwamba ‘gentleman’ ni muungwana, na mtoto ana haki ya kulijua neno hilo kwa sababu linafanana na la Kiingereza hadi kwenye mizizi yake. Baadhi ya watu hupenda kusema ‘mstaarabu’, nami silikatai, ingawa asili yake ni Kiarabu, kitendo cha kujifanya au kufanana na Mwarabu, na hivyo lina hadithi tofauti kidogo. Lakini kumwita ‘gentleman’ kuwa ni “mtu mpole” ni kumpunguzia kitu. Wapo wapole wengi ambao hawajawahi kumpisha mtu kwenye kiti.

Nirudi kwenye upole wenyewe, maana nao unaonewa katika tafsiri hii. Neno letu linakaa jirani na kupoa na kupoza. Chai hupoa, homa hupoa, ugomvi hupozwa, na mtu aliyepoa ni mpole. Mwingereza alilianza neno lake kwenye ukoo, sisi tulianza letu kwenye moto uliotulia, na hata leo harufu ya kupoa haijatoka ndani yake. Ndiyo maana tunasema “pole” kwa aliyefiwa, aliyejikwaa, na hata aliyetoka kazini akiwa amechoka; tunamwombea moto wake upungue. Kiingereza hakina neno moja la kufanya kazi hiyo, na mgeni akikaa kwetu miezi mitatu ndilo analoanza kuliiba. Lakini kwa sababu hiyohiyo mpole anaweza kuwa ni mtu aliyepozwa kwa nguvu. Timu ikifungwa mabao matatu, mashabiki wake huambiwa wawe wapole. Kijana aliyekuwa akitamba mtaani akishashikwa na polisi, jirani husema, “Siku hizi amekuwa mpole.” Hapo hakuna sifa yoyote, na hakuna Mwingereza ambaye angetumia ‘gentle’ kwa maana hiyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maneno haya mawili ni mapacha atakuja kuandika kwa Kiingereza kwamba timu iliyofungwa imekuwa ‘gentle’, na msomaji wa Kiingereza atadhani wachezaji wamekuwa na adabu.

Wasomaji Wakristo wanao ushahidi mwingine nyumbani mwao. Katika Wagalatia sura ya 5, Biblia yetu ya Kiswahili tuliyoizoea inataja tunda la Roho, na katika mstari wa 22 umo “utu wema”, kisha katika mstari wa 23 umo “upole”. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina ‘gentleness’ katika mstari wa 22, mahali pa utu wema. Tafsiri nyingi za Kiingereza za karne ya 20 zimelihamishia neno hilo mstari wa 23, mahali pa upole. Neno ni lilelile na barua ya Paulo ni ileile, lakini katika miaka mia tatu na zaidi neno limehama mstari mzima, kwa kuwa Waingereza wenyewe hawakubaki na maana moja. Kama wao walihitaji maneno mawili tofauti ili wasikose maana, sioni kwa nini mtoto wa darasa la sita anyimwe la pili.

Jambo linaloniudhi zaidi, na hapa naomba maofisa wanisamehe, ni lile linalotokea sasa katika barua na ujumbe wa maofisini. Waingereza wana desturi ya kutuma kumbusho na kuliita ‘gentle’, yaani, nakugusa bega tu, sikusukumi. Ni desturi nzuri. Lakini mwezi uliopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka ofisi moja ninayodaiwa kupeleka nakala za vyeti, ukiniambia, “Hiki ni kikumbusho cha upole.” Niliusoma mara mbili. Nilielewa tu kwa sababu ninajua Kiingereza, na nikawaza habari za jirani yangu asiyekijua, ambaye angedhani anakumbushwa awe mpole, na pengine angejiuliza alimfokea nani. Kiswahili kina njia zake za kugusa bega, nazo hazihitaji kivumishi chochote. Tunasema “naomba nikukumbushe”. Tunasema “tunakumbushana”, na kile kiambishi cha kutendeana kinamweka mkumbushaji na mkumbushwaji kwenye benchi moja. Tunatanguliza salamu. Tunasema “samahani, mama, vile vyeti vimefikia wapi?” Ulaini wetu tumeuweka ndani ya kitenzi na ndani ya jina tunalomwitia mtu, na ndiyo maana ukiutafuta katika kivumishi huuoni.

Wazee wa Kisukuma wanalijua hili kuliko kamusi yoyote. Hapa Mwanza kijana haanzi kuomba njia wala kuuliza bei kabla hajasema “Mwangaluka” asubuhi au “Mwadila” jioni, na binti aliyelelewa kijijini bado hupiga goti kidogo anapomsalimia mkubwa. Akishapewa alichoomba husema “Wabeja”. Hajataja neno lolote lenye maana ya upole, lakini kila kitu katika mazungumzo yale kimepimwa kama mkono wa yule kijana juu ya bondo. Mwalimu akimwuliza mtoto wa namna hiyo “gentle ni nini?”, mtoto analo jibu miguuni na ulimini mwake. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia alione.

Nimalizie na suala la malezi, kwa kuwa ndilo linalotumia neno hili kwa wingi siku hizi. Vijana wetu wanasoma katika simu zao habari za malezi yanayoitwa ‘gentle’, na wengi wanayatafsiri kuwa malezi ya upole. Kisha bibi na babu wanaposikia hivyo hukasirika, wakidhani mjukuu ataachwa afanye atakalo. Nimekaa katika vikao viwili vya familia ambamo ugomvi wote ulitokana na tafsiri hiyo. Wanaoyaeleza malezi hayo kwa Kiingereza husema kwamba mipaka ya mtoto inabaki palepale: wakati wa kulala ni wa kulala, jiwe halirushwi, mkubwa anaheshimiwa. Kinachobadilika ni namna mzazi anavyoushika mpaka huo, bila kofi na bila kumpigia mtoto kelele usoni. Mama mkwe mmoja hakuelewa hata neno moja la maelezo hayo hadi nilipomkumbusha methali anayoitumia mwenyewe, samaki mkunje angali mbichi. Nikamwuliza, “Mama, wewe umebanika samaki maisha yako yote. Ukimkunja mbichi, unamkunjaje?” Akainua mikono yake miwili, akashika samaki asiyekuwapo, mkia mkono huu na kichwa mkono ule, akavileta pamoja polepole hadi mkia ukaingia kinywani. Akasema, “Ukimkunja kwa nguvu anavunjika mgongo.” Kisha akakaa kimya muda mrefu. Tangu siku hiyo katika nyumba ile wanayaita malezi ya taratibu, na mkwe na mkazamwana wanaelewana.

Ombi langu la kwanza ni kwa walimu wenzangu wanaoendelea na kazi: neno hili lisiulizwe peke yake. Liulizwe ndani ya sentensi, na mtoto akijibu taratibu, polepole, mwanana, isiyochubua, muungwana au mpole, kalamu nyekundu isubiri hadi mwalimu atazame kile kinachoguswa katika sentensi hiyo. La pili ni kwako, Ndugu Mhariri, na kwa waandishi wako. Mnapotafsiri habari za hali ya hewa ziwani, upeni upepo wa daraja la 3 jina lake la mwanana, ili watoto walisikie kwa watu wazima kabla hawajalikuta kamusini.

La tatu ni kwa wasomaji wa Ukerewe, Sengerema, Magu, Musoma na Bukoba, hasa wanaoingia ziwani. Najua kwamba Wakerewe, Wajita, Wazinza na Wahaya wana maneno yao ya upepo unaosukuma bila kutikisa, na ya maji yanayogusa ubavu wa mtumbwi bila kuupiga. Mimi ninayo machache tu niliyoyasikia mwaloni, na sitaki kuyaandika kabla sijayahakikisha kwa wenyewe. Naomba mnaoyajua myatume kwenye ukurasa huu, kila neno na mahali linaposemwa. Mjukuu wangu amekwisha kutenga kurasa mbili za mwisho za lile daftari kwa ajili ya kuyaandika, na ukurasa wa kwanza una neno moja tu hadi leo, ‘mwanana’, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza.